Kiuno cha Inchi Tisa

Binti alisema maneno mawili tu, akafumba macho.

"Imetoka yenyewe."

Mwandiko akayaandika. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini kituo kizima, kuanzia mkuu wa upelelezi hadi mfagizi, walimwita Sajenti Mwandiko kwa sababu ya herufi zake. Zilikaa juu ya mstari bila kuyumba, na maelezo aliyoyachukua yeye hakimu aliyasoma bila kukunja uso. Tena hayakuwa na mfuto. Miaka kumi na mitatu kazini, hakuna aliyewahi kuona neno lililokatwa kwenye karatasi yake. Mama yake, ambaye sasa macho yalikuwa yamemwishia, aliwaambia majirani kwamba binti yake hajawahi kukosea hata nukta.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na vinane. Huyu alilala cha kumi na moja, jirani na beseni la kunawia ambalo bomba lake halikufungika vizuri. Umri miaka ishirini na mmoja, kazi yake kutoa nakala katika duka la vifaa vya ofisi, na wino wa mashine ulikuwa bado kwenye kucha. Alikuwa ameletwa jana, Alhamisi mchana, akivuja damu. Daktari wa zamu aliandika kwenye fomu kwamba mimba ya wiki tisa imeharibika, chanzo hakijulikani. Karani wa mapokezi naye, kwa kuwa ndivyo walivyoagizwa, akapiga simu polisi.

"Yenyewe vipi?" Mwandiko aliuliza. "Ulianguka? Ulibeba ndoo?"

"Imetoka yenyewe."

"Nani alikuleta hapa?"

Binti alivuta shuka hadi kidevuni.

"Kuna kitu ulikunywa?"

"Afande, imetoka yenyewe. Sina lingine."

Mara tatu, maneno yale yale, mpangilio ule ule. Mtu anayesimulia jambo lake mwenyewe hubadilisha maneno kila anaposimulia: mara ataongeza saa, mara atakumbuka mvua ilikuwa inanyesha. Huyu alikuwa amefundishwa. Mwandiko aliandika hilo pembeni ya daftari lake, si kwenye maelezo, kisha akamsogezea karatasi na kalamu.

"Weka saini hapa chini."

Binti hakuishika kalamu. "Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Ulichoandika. Neno kwa neno."

Watu walikuwa wamemwomba Mwandiko maji, wamemwomba ruhusa ya kwenda chooni, wamemwomba msamaha. Kusomewa maelezo yako ni haki yako, imeandikwa hata kwenye fomu yenyewe, ila hakuna aliyewahi kuidai akiwa kitandani. Akasoma. Alipofika kwenye maneno yale mawili binti akafumbua macho.

"Umeandika imetoka? I, me, to, ka?"

"Imetoka."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Binti akaweka kidole chini ya neno, akakitembeza hadi mwisho, ndipo akasaini. Mwandiko alihisi joto limempanda shingoni, na alijua limetoka wapi.

"Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

Binti aligeukia ukutani.

Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa amesimama nyuma yao na faili kifuani. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye sauti ya chini ambayo wagonjwa waliiogopa kuliko sindano.

"Dada, umemaliza?"

"Nataka kuona mkoba wake."

"Chukua. Ila na mimi nikuambie kitu. Mwaka jana mlimfunga mmoja pingu kwenye kitanda hiki hiki. Habari zikaenea. Tangu hapo hawaji mapema, wanaogopa. Wanakuja wakati hakuna la kufanya. Wawili nimewafunika shuka kwa mikono yangu." Alimwangalia binti. "Huyu kaletwa kwa wakati. Aliyemleta, mimi ningempa mkono."

Mwandiko akafungua mkoba. Funguo, leso, simu iliyozimwa, na kikaratasi kigumu chenye tundu la pini pembeni. Juu yake yaliandikwa kwa kalamu ya risasi: *Gauni. Kiuno 9. Alhamisi saa nne.*

Alikisoma mara mbili. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na Mwandiko alikulia chini ya meza ya kukatia, akiokota pini sakafuni kwa sumaku. Mafundi wa hapa wote walipima kwa inchi. Binti mwembamba ana kiuno cha inchi ishirini na nne. Hata mtoto aliyezaliwa leo asubuhi hafikii udogo wa tisa.

Akaitazama fomu ya daktari. Wiki tisa. Akakitazama tena kikaratasi.

Alifurahi. Ndicho kilichokuja kumuumiza zaidi baadaye, kwamba pale wodini, mbele ya yule binti aliyegeukia ukutani, alifurahi.

*

"Nilijua tu," alisema mkuu wa upelelezi, akikipindua kikaratasi kwenye mwanga wa dirisha. "Nilijua nikikutuma wewe hurudi mikono mitupu. Yaani wanaandika wiki kama inchi. Wajanja hawa."

"Ndivyo ninavyofikiri, afande."

"Usifikiri, ni hivyo. Mimi ningeona gauni, nikatupa."

Alikuwa mtu nadhifu, mwenye leso mbili, ya kufutia jasho na ya kufutia miwani, na hakuwahi kuzichanganya. Akavuta maelezo ya binti. Aliyasoma haraka hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena, na uso ukabadilika.

"Hii haitufikishi popote. Imetoka yenyewe. Kama jino la mtoto."

"Ndivyo alivyosema."

"Rudi ukamwandike upya. Imetoka, nimeitoa, kuna tofauti gani? Herufi mbili tatu."

"Tofauti ni miaka saba, afande."

"Basi mpe hiyo saba." Alicheka, akaacha alipoona amecheka peke yake. "Mara ile hukubabaika hivi. Ile kesi iliyokupa ukoplo. Yule binti wa kiwanda cha sabuni. Ukurasa mzima, safi, hauna doa. Hakimu mwenyewe alikusifia."

Mwandiko alikunja daftari. Hakuhitaji kukumbushwa. Tangu binti wa leo atamke neno nisomee, alikuwa haoni kitu kingine.

"Simu iliyopigwa jana bila jina," mkuu aliendelea, "ilisema duka la dawa la nyuma ya posta linauza dawa mbaya. Anza hapo. Mimi naenda kuomba kibali cha kupekua. Saa nane kamili nakufuata, popote utakapokuwa. Huyo mshonaji tukimpata na kitabu chake cha oda, wenzake watajileta."

Nyuma ya posta, muuza dawa alianza kutoka jasho kabla hajasalimiwa. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti jeupe lililompwaya mabegani. Kila alipojibu swali, mguu wake wa kulia ulisukuma kitu chini ya kaunta.

"Dawa za kutoa mimba mimi sina, mama. Pekua. Leseni ile pale ukutani."

"Chini ya kaunta kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mguu wako unasema kipo."

Akalitoa boksi huku anatazama pembeni. Mwandiko alilifungua kwa ncha ya kalamu. Dawa ya kikohozi ya watoto, chupa ishirini na nne, muda wake ulikwisha mwaka juzi. Alizihesabu, akaziandika, akamwambia watu wa afya watakuja kumwona wiki ijayo, na kwamba akizimwaga kabla hawajafika atajua. Kijana alishusha pumzi ndefu. Kumbe ndiyo siri yote iliyokuwa inamtoa jasho, na aliyepiga simu jana pengine alimnywesha mwanawe dawa hiyo.

"Jana mchana," Mwandiko alisema, "aliingia hapa binti anayevuja damu?"

Kwa furaha ya kupona, muuza dawa akawa msema kweli. "Aliingia. Alikuwa ameshikwa mkono na mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni. Mpaka nikamtania, Fundi, umekuja kunipima suti? Akasema hana muda. Alichukua pakiti ya pamba, akamwambia yule binti, hatusubiri tena, hospitali sasa hivi. Wakaondoka."

"Fundi. Unamjua?"

"Nani asiyemjua? Suruali yangu anayo tangu mwezi wa pili." Hapo akasita, akamwangalia Mwandiko, na furaha yote ikamwisha. "Mama, yule ni mtu mwema."

"Duka lake liko wapi?"

Ilibidi amuulize mara mbili.

*

Lilikuwa chumba kimoja, mlango wa tatu kutoka kwenye duka la dawa, lenye cherehani mbili na meza ya kukatia iliyochakaa pembeni. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini. Ndani, mteja mmoja wa kike alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Fundi, uliniambia Jumatatu."

"Nilikuambia Jumatatu. Sikukuambia ipi."

"Na harusi je?"

"Wewe ndiye bibi harusi?"

"Sio mimi."

"Basi hawatakungoja. Njoo kesho asubuhi, na usije na huyo mdomo."

Mteja alitoka akicheka kwa hasira. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, na utepe wa njano shingoni. Aliendelea kushona pindo huku mguu ukikanyaga taratibu.

"Karibu," alisema. "Hicho kiti kina pini, angalia kabla hujakaa."

"Ninatoka polisi."

"Naona viatu."

Mwandiko aliangalia kiti, akaitoa pini, akakaa. "Naomba kitabu cha oda."

Fundi alikisukuma mezani bila kusimamisha mashine. Kilikuwa daftari nene lenye jalada gumu, kona zimeviringika kwa kushikwa. Mwandiko alikifungua kutoka nyuma kwenda mbele, kama alivyofundishwa. Sketi, kiuno 28. Suruali, kiuno 34. Gauni, kiuno 7. Blauzi mbili. Gauni, kiuno 10. Gauni, kiuno 6. Hakuna jina hata moja, vipimo tu na siku. Ukurasa uliofuata kulikuwa na gauni la kiuno 16, limechorewa duara, na pembeni yameandikwa: *Hili siliwezi. Nimekwenda naye kwa daktari, nimekaa hadi jioni.*

"Hili la inchi tisa, la Alhamisi, ni la nani?"

"La mwanasesere."

"Na hili la saba?"

"Mwanasesere mwenzake."

"Wanasesere wako ni wengi."

"Mji una watoto wengi."

Kidogo Mwandiko acheke. Juu ya rafu kweli kulikuwa na mwanasesere mmoja, ana gauni la maua lililoshonwa vizuri mno. Aliyapanga aliyokuwa nayo, polepole, kwa sauti aliyozoea kutumia mahakamani. "Mimi ni mtoto wa fundi, dada. Mwanasesere hapimwi kiuno, anakatiwa kwa macho. Na mwanasesere hapangiwi saa nne. Kikaratasi hiki kilikuwa kwenye mkoba wa binti aliyelazwa. Daktari kaandika wiki tisa. Muuza dawa kakuona umemshika mkono. Hizi si inchi."

Mashine ilisimama.

"Umesoma vizuri," Fundi alisema. "Miaka yote nilijua kwamba unajua kuandika. Sikujua kama kusoma pia unajua."

"Unanifahamu?"

"Fungua jalada la nyuma."

Ndani ya jalada, kwenye mfuko wa kitambaa uliobandikwa kwa gundi, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko aliikunjua juu ya meza. Nakala ya maelezo, yenye muhuri wa mahakama, ya miaka kumi na moja iliyopita. Herufi zilikaa juu ya mstari bila kuyumba. Ukurasa mzima haukuwa na mfuto. Chini kabisa palikuwa na alama ya dole gumba la kushoto, kwa sababu siku ile mkono wa kulia ulikuwa na dripu, na katikati ya ukurasa palikuwa na mstari alioujua hata akiwa usingizini: *Mimba nimeitoa mwenyewe.*

Binti wa kiwanda cha sabuni.

"Sikukujua," alisema.

"Ungenijuaje? Hukunitazama. Ulikuwa unatazama karatasi."

"Dada yangu..."

"Nilisema imetoka yenyewe. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Yule wa jana siwezi kumsemea. Mimi ilitoka yenyewe kweli, nikiwa nimebeba katoni za sabuni, miaka kumi na tisa, sijui hata kama ninayo. Wewe ukaandika nimeitoa mwenyewe. Ukachukua kidole changu, ukakibandika." Hakuwa anapandisha sauti. "Nilikaa miaka mitano. Huko ulikonipeleka ndiko nilikojifunza cherehani, kwa hiyo nikushukuru kwa hilo."

"Niliandika haraka. Nilikuwa mgeni kazini..."

"Usiniambie haraka. Huu si mwandiko wa haraka."

Haukuwa. Mwandiko alikaa na karatasi mbele yake, akaona haya kiasi cha kushindwa kuinua uso. Hakuna aliyemlazimisha siku ile. Alikuwa ameshaamua moyoni kabla hajaingia wodini, na mkono uliandika alichoamua, si alichosikia. Aliliona kosa alipofika mstari wa mwisho. Mfuto kwenye maelezo ni lazima uwekewe saini pembeni na wote wawili, na ukurasa ulikuwa umejaa, umependeza, na binti alikuwa anasinzia kwa dawa. Akamwacha asinzie. Hakumsomea.

"Sikutaka kuuchafua ukurasa," alisema.

Fundi aliinamia ule ukurasa. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Halafu hakimu akaniuliza nikiwa kizimbani, nikiwa nimeapa, kama ndivyo ulivyosema. Nikasema ndiyo, mheshimiwa."

Nje mtu alipita anaburuta mkokoteni. Fundi alivua utepe shingoni, akauviringa kwenye vidole, akauweka mezani.

"Nilipotoka," alisema, "mtoto wa jirani alikuja kwangu anavuja damu. Siku mbili alikuwa anajificha, anaogopa hospitali, kwa sababu mtaa mzima ulijua yaliyonipata mimi. Nikamshika mkono nikampeleka. Njiani nikamfundisha neno la kusema. Nikamwambia, askari akiandika, mwambie akusomee, na uweke kidole chini ya neno. Akapona. Akaja na mwenzake. Sasa tuko wangapi sikuambii. Yupo anayepokea simu, yupo mwenye kitanda cha ziada, yupo anayejua daktari asiyetukana watu. Mimi kazi yangu ni kukaa nao, na kuwafikisha hospitali kabla mambo hayajaharibika. Hata mmoja hajanifia."

Mwandiko alitazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika ishirini na mbili.

"Mkuu wangu anakuja saa nane na kibali."

"Atakuja kupekua nini? Kitabu hakina jina."

"Anajua kuhusu zile inchi. Nilimwambia asubuhi." Akaongeza: "Nilijisifu."

Fundi aliinama, akaokota kipande cha uzi sakafuni, akakikunja. "Mimi ni mara ya pili. Mara ya pili ni miaka kumi na minne. Nina mtoto wa miaka minne, afande. Nikitoka atakuwa na miaka kumi na minane."

"Naweza kuondoka na kitabu sasa hivi. Kikapotea. Nitamwambia nilikukosa."

"Halafu?"

"Halafu hakuna ushahidi."

"Halafu utaongopa tena, safari hii kwa faida yangu. Siutaki uongo wako, dada. Ule wa kwanza ulinitosha."

"Sasa unataka nini?"

Fundi alisogeza nakala ile, akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Nifutie neno."

Mwandiko alielewa upesi, kwa sababu kazi hii aliijua. Mfuto ule, wenye saini yake na tarehe ya leo, ulikuwa ungamo la mtu aliyesema uongo chini ya kiapo. Angeutia, asingesimama tena mahakamani kama shahidi. Kila karatasi aliyowahi kuiandika ingetiliwa shaka. Kisha akaielewa nusu ya pili, na mkono uliokuwa unatafuta kalamu ukasimama. Nani alikisoma kikaratasi? Yeye. Nani aliyesema inchi ni wiki? Yeye peke yake. Nani alimhoji muuza dawa? Yeye. Mwondoe Sajenti Mwandiko kwenye jalada la kesi ya leo, na mkuu wa upelelezi anabaki na daktari aliyeandika chanzo hakijulikani, na fundi anayeshonea wanasesere. Mkuu mwenyewe hajui pindo ni lipi na kola ni ipi.

"Unajua itakavyokuwa?" aliuliza.

"Nimekuwa na miaka kumi na moja ya kuifikiria. Sikujua tu kwamba utakuja mwenyewe."

"Nitafungwa, pengine."

"Pengine," Fundi alisema. "Huko watakufundisha cherehani."

Mwandiko alitoa rula kwenye mkoba, ile aliyoitumia kupigia mistari chini ya majina ya mashahidi. Aliiweka juu ya maneno mawili, akashika kalamu. Mkono ambao wenzake walisema hautikisiki hata akipiga chafya ulitikisika. Mstari ulianza vizuri, ukapanda juu mwishoni. Juu yake akaandika *imetoka yenyewe*, herufi zake zikakaa vibaya, *y* ya kwanza imegusana na *e*. Pembeni akaweka saini, namba yake ya kazi, na tarehe.

"Na wewe," alisema. "Mfuto husainiwa na wote wawili."

Fundi alichukua kalamu. Safari hii hakuweka kidole. Aliandika jina lake lote, na hakuwa na haraka.

*

Mkuu wa upelelezi, aliyeelekezwa na muuza dawa, aliingia saa nane kamili, askari wawili nyuma yake, kibali mkononi. Alipangusa miwani kwa leso yake inayostahili.

"Sajenti. Umekipata kitabu?"

"Kipo mezani, afande."

Alikwenda moja kwa moja, akataka kukifungua, akakuta karatasi iliyolala juu yake. Aliitazama kwa mkato, kisha akaitazama vizuri. Aliijua: ndiyo kesi iliyompa Mwandiko ukoplo. Alikuwa ameshaitaja asubuhi.

"Nani amechora hapa?"

"Mimi."

"Hii ni hati ya mahakama."

"Ni nakala. Ile halisi iko kwa karani wa mahakama. Nikitoka hapa nakwenda kuisahihisha."

"Huendi popote. Una wazimu?" Aliwageukia wale askari wawili, akawaambia wasubiri nje, wakatoka. Aliposema tena alikuwa ameshusha sauti. "Mwandiko, unajua umefanya nini? Kesi ya leo yote imesimama juu yako. Na mimi ndiye niliyekupendekeza."

"Najua, afande."

"Ichane. Ichane sasa hivi, hakuna aliyeiona."

"Mimi nimeiona," Fundi alisema.

Alikuwa bado ameketi kwenye cherehani. Mkuu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso, utepe, mikono, na ilionekana anatafuta mahali pa kumweka. Hakupapata. Siku ile ya hukumu na yeye alikuwa anatazama karatasi.

"Afande hajasikia vizuri," Fundi alimwambia Mwandiko. "Msomee."

Mwandiko alisimama. Alishika karatasi kwa mikono miwili, kama alivyoishika kizimbani, akaanza na jina, umri, kazi, siku na saa. Mkuu alinyoosha mkono aichukue, kisha akauacha ukaning'inia. Alipofika kwenye mstari uliopinda akarudi nyuma, akaanza sentensi upya.

"Mimba," alisoma, "imetoka yenyewe."

Fundi alikuwa ameinuka na kusogea karibu. Aliweka kidole chini ya neno, akakitembeza hadi mwisho.